Pumzi ya Kujazia

Faili lilifika mezani kwa Sekela Mwalupindi siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, likiwa na barua ya mistari mitatu. Kamati ya uchunguzi iliiomba karakana ithibitishe kwamba kichakata sauti aina ya Angavu, kilichokuwa kwenye hedifoni za muuguzi Tupokigwe Mwasomola tarehe tisa, kilikuwa kizima siku hiyo. Pamoja na barua kulikuwa na hedifoni zenyewe, na rekodi ya mazungumzo ya simu ya dakika sita.

Sekela alidhani ni kazi ya nusu saa. Angavu alikibuni mwenyewe, akakilea miaka saba, na alikijua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Kilikuwa kidude kisichozidi punje ya harage, kikikaa ndani ya hedifoni. Mwanzoni kilinunuliwa na wapenda muziki na wasikilizaji wa mpira. Ukikivaa, mtangazaji aliacha kuongea ndani ya kopo. Alikaa mbele yako, gitaa likawa kushoto kwake, watu wakawa nyuma. Baadaye wakaja wazee ambao masikio yao yalikuwa yameanza kuwaaga. Mwisho ikaja Laini ya Afya ya Milimani, na hapo ndipo Sekela alipoanza kutajwa magazetini.

Laini hiyo ilihudumia vijiji ambavyo simu za picha hazikupita hata kidogo, na sauti yenyewe ilipita kwa kuchechemea. Mama alipiga kutoka nyumba ya bati wakati mvua inanyesha, na muuguzi aliyekaa Mbeya mjini akasikia mvua tu. Angavu kiliiondoa mvua. Kiliondoa upepo, jenereta, redio ya jirani, na maneno yaliyokatika kikayaunga. Wauguzi waliostaafishwa kwa sababu ya masikio wakarudi kazini. Tupokigwe alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyesema siku ya uzinduzi, mbele ya watu wote, kwamba amerudishiwa miaka kumi na tano.

Sekela alivaa hedifoni, akasikiliza kwanza kama muuguzi alivyosikia.

"Ana umri gani, mama?"

"Miezi saba. Anaitwa Ipyana. Toka jana ana joto, na leo hataki ziwa."

"Pole. Msogezee simu kifuani, mama Ipyana. Hapo hapo. Usiongee, nimsikilize."

Zikafuata sekunde ishirini za pumzi. Zilikuwa nyepesi, za polepole, za mtoto aliyeshiba na kulala.

"Kifua chake ni safi," alisema Tupokigwe, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. "Mpunguzie nguo, endelea kumpa ziwa kidogo kidogo. Kesho asubuhi mhudumu wa kijiji atapita kumwona."

Ipyana alikufa siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi na mbili jioni, mgongoni mwa mama yake, wakiteremka kwenda barabarani.

Sekela aliweka sasa sauti ghafi, ile iliyohifadhiwa kwa sheria kabla haijapita kwenye kichakata. Mvua ilimwagika masikioni. Katikati ya mvua, simu ilipowekwa kifuani, kulikuwa na kitu kingine. *Ngh. Ngh. Ngh.* Mtoto aliguna kila alipotoa pumzi, haraka, bila kupumzika, kama injini ndogo inayopandisha mlima. Sekela hakuwa daktari, lakini alikuwa amelea. Alijua mtoto haguni hivyo ila pale anapoisukuma kila pumzi kwa nguvu zake zote.

Alirudia mara tatu. Kisha akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu.

Kifaa hakikuwa kimeharibika. Kilifanya alichokifundisha. Alikuwa amekifundisha kwamba sauti isiyo na maneno, inayojirudia kwa mwendo mmoja, ni uchafu: feni, mota, matone juu ya bati. Mguno wa Ipyana ulijirudia kwa mwendo mmoja. Tena, kwa kuwa sikio la mtu huogopa shimo, kila mahali Angavu kilipofuta kitu kilipaka pengo kwa vumi jepesi, lililotengenezwa kutokana na pumzi za maelfu ya watu waliokuwa wakiongea kwa utulivu. Karakana waliliita pumzi ya kujazia. Wateja walilipenda bila kujua lipo.

Kwa hiyo zile sekunde ishirini hazikuwa za Ipyana. Zilikuwa za mashine.

Bado alikuwa amekaa hivyo mlango ulipogongwa.

"Hodi. Nimeambiwa upo."

Alikuwa Tupokigwe mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mrefu, amevaa koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote. Alikuwa amekonda. Sekela aliinuka haraka kama mtu aliyefumaniwa.

"Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Sikai." Lakini alikaa, pembeni kabisa ya kiti. "Najua si utaratibu mimi kuja hapa. Nimekuja kukuuliza jambo moja tu, kisha niende. Juzi kamati walinipigia ile sauti kwenye spika. Wote waliokuwa mle chumbani walisikia mtoto anaguna. Hata karani. Mimi, Sekela, siku ile sikusikia kitu. Nakuapia kwa Mungu."

"Mama..."

"Ngoja nimalize. Wanasema masikio yangu yamekufa kabisa na nimewaficha ili nisiondolewe kazini. Mume wangu anasema hapana. Mimi mwenyewe sijui tena. Siku nzima nasikiliza vitu, saa ya ukutani, kuku wa jirani, najipima." Alimtazama Sekela usoni. "Wewe ndiye mwenye mashine. Niambie. Ni mashine, au ni mimi?"

Barua ya kamati ilikuwa wazi kati yao. *Kilikuwa kizima siku hiyo.*

"Kifaa hakina hitilafu, mama," alisema Sekela.

Kila neno lilikuwa la kweli, na Sekela alijua kwamba amedanganya.

Tupokigwe aliitikia kwa kichwa, polepole, kama aliyepokea jibu la hospitali. "Basi ni mimi," alisema. "Afadhali kujua." Alipofika mlangoni aligeuka. "Yule mama nilimfuata kwake wiki iliyopita. Nilipiga magoti. Hakunifukuza, alinipa kigoda. Sasa nitarudi nikamwambie kwa hakika."

*

Erasto Sanga, mkuu wa karakana, hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimfanya Sekela ashindwe kumchukia. Alisikiliza sauti zote mbili akiwa amesimama. Alipovua hedifoni macho yake yalikuwa mekundu.

"Tulijua?" aliuliza.

"Nilijua mimi."

Akamweleza. Machi mwaka jana, katika majaribio, kulikuwa na mzee mwenye pumu. Alikuwa anasoma habari za hali ya hewa kwa sauti, na kifua chake kilipiga filimbi katikati ya maneno. Ndani ya Angavu filimbi haikuwepo. Mzee alisikika kama kijana. Wasikilizaji ishirini walipewa wachague, wote wakachagua sauti iliyosafishwa. Kwenye fomu, mahali pa maoni ya mhandisi, Sekela aliandika: *usikivu umeimarika sana*. Aliona kwamba ugonjwa wa mtu umefutika. Alifikiri, kwa muda usiofika dakika, habari ya laini ya afya. Halafu simu yake ikaita, au chai ikaletwa, hakumbuki, akatia saini.

"Na ile swichi ya sauti ya asili?" Sanga aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Tuliitoa kwenye hedifoni za wauguzi. Walikuwa wanaibonyeza kwa bahati mbaya. Mimi na wewe tulikubaliana."

Sanga alikwenda dirishani.

"Nisikilize, Sekela. Sikwambii udanganye. Tutairekebisha. Nipe mwezi mmoja, timu nzima iache kazi nyingine, tuifundishe kutambua pumzi za wagonjwa, tuibadilishe usiku mmoja kwenye laini zote. Hakuna mtoto mwingine. Lakini ukisimama pale uyaseme haya, watazima kila kitu siku hiyo hiyo. Umewahi kusikia laini zile bila Angavu? Mimi nimewahi. Ni kama kuongea na mtu aliye chini ya maporomoko. Watu mia tatu kwa siku wanapiga. Wangapi watakata simu kwa kuwa hawasikiki? Wangapi watakufa kwa ajili ya dhamiri yako?"

"Na nesi Tupo?"

"Nesi Tupo ana miaka hamsini na sita. Atastaafu mapema kidogo." Alisema hivyo, kisha akafumba macho kana kwamba ni yeye aliyeambiwa. "Sijui. Usiniulize hilo."

Sekela alirudi ofisini na hoja hiyo kifuani. Siku tisa aliigeuza huku na huko, na kila alipoigeuza ilikuwa na uzito wa kweli. Tatizo lilikuwa kwamba kila alipozidi kuipenda ndipo alipozidi kutojiamini. Alikuwa akijua vizuri tofauti ya mtu anayetetea wagonjwa mia tatu na mtu anayeogopa. Ila yeye mwenyewe hakuweza kujitambua yuko upande gani. Nyumbani alipika, akala, akamsaidia binti yake hesabu. Binti alikuwa na mafua. Jioni moja, akiwa anakoroma kidogo juu ya daftari, Sekela alimwambia kwa ukali aache, halafu akamkumbatia, na mtoto akashangaa vyote viwili.

Kesho yake aliandika ripoti ya kurasa mbili kwenda kwa kamati. Hakuituma. Aliikunja, akaitia kwenye mkoba.

*

Kikao kilifanyika asubuhi, siku kumi na tisa baada ya kifo, katika ukumbi mdogo wenye meza ya umbo la kwato. Mwenyekiti alikuwa Dakta Fulgence Komba, daktari wa watoto aliyestaafu. Tupokigwe alikaa peke yake upande mmoja. Mama wa marehemu, Subilaga, alikaa nyuma na kaka yake. Alikuwa msichana mdogo kuliko Sekela alivyomdhania, pengine miaka ishirini na miwili, na kanga aliyojitanda ilikuwa na mikunjo mipya ya dukani.

"Mhandisi," alisema Dakta Komba, "swali letu kwako ni fupi. Je, kifaa kilikuwa kizima?"

Sanga alikuwa amekaa mstari wa pili. Hakumtazama.

"Kilikuwa kizima, Mheshimiwa Mwenyekiti," Sekela alisema.

Karani akaandika. Tupokigwe aliinamisha kichwa. Dakta Komba alishukuru na kuanza kufungua ukurasa mwingine, na Sekela, aliyekuwa amepanga kusema, akaona ameshakaa. Miguu ndiyo iliyokaa. Alitazama mikono ya Tupokigwe juu ya meza: kidole kimoja kilikuwa kinagonga mbao kidogo kidogo, kisha anakitegea sikio. Bado alikuwa anajipima.

Sekela akainuka tena.

"Sijamaliza."

"Endelea."

"Kilikuwa kizima, na ndicho kilichoufuta mguno wa mtoto. Nesi hakusikia kwa sababu haukumfikia. Hata ningevaa mimi, hata ungevaa wewe daktari, tusingesikia."

Sanga aliufunika uso kwa kiganja.

"Hayo ni madai mazito," alisema Dakta Komba.

"Nimekuja na hedifoni zenyewe." Sekela alitoa hedifoni kwenye mkoba, zile zile za Tupokigwe, akaziunganisha na faili, akapeleka mezani. Mwenyekiti alizivaa. Alikuwa mtu aliyesikiliza vifua vya watoto miaka arubaini. Alisikiliza sekunde ishirini, akaomba zirudiwe, akasikiliza tena huku mkono wake umeinuliwa ili mtu asiongee. Alipovua alikuwa amepauka.

"Mimi pia ningemwambia asubiri kesho," alisema.

Ndipo Subilaga aliposimama kule nyuma.

"Naomba nisikie."

"Mama, si lazima," alisema daktari.

"Wote mmemsikia. Mimi ndiye mama yake."

Hakuna aliyejua jinsi ya kumkatalia. Alikuja mbele, na Sekela akamvalisha hedifoni. Alibonyeza. Msichana alisimama wima, macho sakafuni. Sekunde zikapita. Uso wake ulilainika kwanza, kama wa mtu anayeitwa kwa jina lake. Halafu ukakunjamana.

"Huyu ni mtoto wa nani?" aliuliza.

Alizibana hedifoni masikioni kwa viganja.

"Ipyana hakupumua hivi. Hata akiwa mzima hakupumua hivi, alikuwa na kakoromo toka azaliwe, baba yake alikuwa akimcheka. Huyu ni nani mmemweka hapa?"

"Ni mashine," Sekela alisema. "Ilimtoa Ipyana, ikaweka pumzi yake yenyewe."

"Nani aliiambia ifanye hivyo?"

"Mimi."

Subilaga alivua hedifoni. Hakupiga kelele. Aliziweka mikononi mwa Sekela, akavifunga vidole vya Sekela juu yazo, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu kilichosahauliwa nyumbani kwake, akarudi kukaa.

"Ulilijua hili lini?" mwenyekiti aliuliza.

Hapo Sekela angeweza kusema ni Jumanne ile faili lilipofika. Lingekuwa jibu la kweli, la aina ile aliyompa Tupokigwe.

"Machi mwaka jana," alisema, akaitoa ile ripoti iliyokunjwa.

*

Tupokigwe alimngoja kwenye ukumbi wa nje. Sekela akamwendea.

"Nilikuja kwako," alisema Tupokigwe. "Nilikuuliza."

"Ndiyo mama."

"Uliniangalia usoni."

"Ndiyo."

"Nilirudi kwa yule binti, Sekela. Nilimwambia sasa nina hakika, ni masikio yangu, nimemuulia mtoto kwa kung'ang'ania kazi. Alilia upya. Nilimliza mara ya pili kwa uongo wako." "Unataka nikusamehe?"

"Sijui ninachotaka."

"Vizuri, kwa maana msamaha sina." Alifungua koti, akalifunga tena, akashuka ngazi akijishikilia ukutani.

Kamati ilizima Angavu kwenye laini zote kumi na saba saa nane mchana siku hiyo hiyo. Jina la Tupokigwe lilisafishwa kwa barua, na barua hiyo haikumrudisha kazini, kwa kuwa bila Angavu hakuweza kusikia simu za milimani. Alibaki nyumbani yeye na wenzake wanane. Sanga hakuwa amedanganya. Wiki ya kwanza theluthi ya waliopiga walikata kabla ya kueleweka. Wiki ya pili mwanamke mmoja mwenye uchungu wa uzazi alirudia jina la kijiji chake mara kumi na mbili ndipo muuguzi akalipata. Aliokoka, mtoto pia, lakini Sekela alisikiliza ile simu yote, na kila jina lilipopotea katika mvua alijua ni nani aliyeirudisha mvua.

Leseni yake ilisimamishwa. Kabla hawajamwondoa kabisa aliiomba kamati jambo moja, na Dakta Komba akamruhusu. Tangu ile saini ya Machi zilikuwa zimepita simu zaidi ya laki moja. Kila moja ilikuwa na sauti ghafi na sauti safi. Ukiitoa moja kwenye nyingine, unabaki na vile vilivyofutwa.

Alipewa chumba cha stoo kwenye jengo la laini, meza, na hedifoni za kawaida zisizo na kichakata chochote. Kompyuta ilichambua siku nne. Ilitupa mvua, ikatupa feni na majogoo, ikabakiza simu mia mbili na nne ambamo kilichofutwa kilifanana na pumzi ya mtu. Dakta Komba alikuja kila asubuhi, wakasikiliza pamoja, yeye akiandika kwa penseli. Nyingi zilikuwa mikoromo tu na mafua. Zilibaki thelathini na nane. Watu thelathini na nane walioambiwa kwamba vifua vyao ni safi.

"Mhudumu wa laini anaweza kuwapigia," alisema Dakta Komba.

"Nitawapigia mimi."

"Si lazima uwaambie wewe ni nani. Waambie tu waende hospitali."

"Najua si lazima, daktari."

Namba ya kwanza ilikuwa ya bibi wa miaka sabini, aliyepiga mwezi wa nne akilalamika uchovu. Simu ilipokelewa na msichana, nyuma yake kuku wanalia na mtu anatwanga.

"Naomba kuzungumza na bibi Anyosisye."

"Bibi alifariki," alisema msichana. "Mwezi wa tano. Nani mwenzangu?"

Dakta Komba aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Sekela angeweza kutoa pole, akafuta jina kwa mstari, akaendelea. Bibi hakuhitaji tena kwenda hospitali. Sekela alisikia pumzi ya msichana, yenye haraka kidogo kwa kukimbilia simu.

"Naitwa Sekela Mwalupindi. Nilitengeneza kifaa ambacho nesi alikitumia kumsikiliza bibi yako. Kilificha ugonjwa wake. Nilikuwa najua kinaweza kufanya hivyo, na sikusema."

Kutwanga kule nyuma kuliendelea, kisha kukaacha. Msichana alimwita baba yake kwa sauti ya juu. Minong'ono, hatua, simu ikabadilisha mkono.

"Umesema wewe ni nani?" aliuliza mwanamume.

Sekela alirudia yote, toka mwanzo, bila kupunguza.

Ilisikika mikwaruzo ya laini na upepo wa mahali pale, na mtu mzima anayevuta pumzi puani.

"Ngoja," alisema mwanamume. "Ngoja nipate kalamu. Sasa nitajie jina lako taratibu, niandike."

Sekela akalitaja, herufi kwa herufi, hadi la ukoo. Mwanamume alilisoma ili ahakikishe, akakata simu bila kuaga. Sekela alikaa kidogo na mikono juu ya meza, kisha akavuta karatasi na kupiga namba ya pili.